Shifti Moja, Ofisi Mbili: Mapato Yakipanda Ukiwa Ndani ya DRO na Universal Credit

Mama mmoja anahudumia wazee Leicester. Ni wa mfano tu, ingawa wanaofanana naye katika miji ya Uingereza ni wengi. Ana watoto wawili, amepanga nyumba ya halmashauri, mshahara wake ni pauni 800 kwa mwezi, na Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ndiyo inayojazia pengo. Miezi minne iliyopita mshauri wa madeni alimwombea DRO, ile amri ya nafuu ya madeni, na simu za wadai zikakoma. Sasa meneja amemwongezea shifti ya Jumamosi, na mshahara utafika pauni 1,000.

Anauliza swali moja: "Nimwambie nani?"

Awaambie watu wawili, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba serikali ni moja, kwamba kinachojulikana dirisha hili kinajulikana na dirisha la pili. Kwa DRO na Universal Credit haiko hivyo. Ofisi ya posho inaona mshahara wako hata kabla hujaufungulia mdomo. Ofisi inayosimamia DRO inasubiri useme wewe. Tena zikishapata habari ileile, kila moja inauliza swali lake. Ya kwanza inauliza umepokea kiasi gani. Ya pili inauliza umebakiwa na kiasi gani.

Tuanze na hiyo ya pili, maana ndiyo watu wasiyoijua.

DRO ni utaratibu wa England na Wales. Scotland ina wake, na Ireland ya Kaskazini ina toleo lake lenye viwango tofauti, kwa hiyo aliyeko Glasgow asichukue tarakimu za hapa akazitumia kule. Ulianza Aprili 2009 kwa ajili ya watu wenye madeni yasiyolipika, wasio na nyumba yao wala ziada ya maana mwisho wa mwezi. Wakati huo deni halikutakiwa kuzidi pauni 15,000. Kiwango kikapandishwa hadi 20,000 mwaka 2015, 30,000 mwaka 2021, na tangu 28 Juni 2024 ni pauni 50,000. Ada ya maombi ya pauni 90, ambayo kwa mtu aliyefilisika ilikuwa kichekesho kichungu, ilifutwa Aprili 2024.

Huombi mwenyewe. Unapitia kwa mshauri aliyeidhinishwa, kwa mfano wa shirika la ushauri la Citizens Advice, naye anapeleka maombi kwa mfilisi wa serikali, yule anayetajwa kwenye barua kwa jina la Official Receiver, aliye chini ya Insolvency Service, idara ya serikali ya mambo ya ufilisi. Amri ikitolewa, unaingia katika kipindi cha kinga cha miezi 12. Wadai walioorodheshwa hawaruhusiwi kukudai, na wewe hutakiwi kuwalipa. Miezi 12 ikipita salama, madeni hayo yanafutika.

Neno zito hapo ni "salama". Kuna mistari mitatu ya kuangalia: mali zako zisizidi pauni 2,000, gari, kama unalo, lisizidi thamani ya pauni 4,000, na ziada yako kwa mwezi, yaani kinachobaki baada ya matumizi halali ya nyumba, isizidi pauni 75. Mstari huu wa mwisho ndio unaowanyima watu usingizi. Ulikuwa pauni 50 mwaka 2009 na umesogezwa mara moja tu, mwaka 2021. Kikomo cha deni kimepanda zaidi ya mara tatu tangu mwanzo. Mstari wa ziada umepanda kwa pauni 25. Mimi naona ni mstari mwembamba mno kwa mtu anayelipwa kwa saa, ambaye mwezi wenye wiki tano na mwezi wenye wiki nne havifanani.

Sheria yenyewe ni ile ya ufilisi ya mwaka 1986, katika sehemu iliyoongezwa baadaye kwa ajili ya DRO. Inasema mdaiwa lazima amjulishe mfilisi wa serikali, mapema iwezekanavyo, mambo matatu: mapato yakiongezeka ndani ya kipindi cha kinga, akipata mali au mali ikimwangukia, na akigundua kosa au upungufu katika taarifa alizotoa mwanzo. Haisemi "mapato yakiongezeka sana". Haisemi "ukiona inafaa". Ongezeko ni ongezeko. Mzigo huo ni wa mdaiwa mwenyewe. Ukimwambia mshauri wako, umemwambia mshauri. Bado hujamwambia mfilisi. Watu wengi huponea tundu la sindano hapa kwa sababu mshauri mwema huwakumbusha, lakini mshauri alikwishamaliza kazi yake siku maombi yalipopokelewa, na hana wajibu wa kukulinda mwaka mzima.

Sasa dirisha la kwanza. Universal Credit iko chini ya Wizara ya Kazi na Pensheni, DWP. Kila mwajiri anapolipa mshahara hupeleka taarifa kwa mamlaka ya kodi, HMRC, na HMRC huipeleka DWP. Kwa aliyeajiriwa, kwa hiyo, mshahara hauripotiwi kwa mkono, unafika wenyewe. Kazi yako ni kukagua kama umefika sawasawa. Mengine yote ndiyo ya kuandika kwenye shajara ya mtandaoni: mwenzi kuhamia, mtoto kuondoka, kodi ya nyumba kubadilika, akiba kuongezeka. Anayejiajiri ndiye anayeingiza tarakimu zake kila mwezi, na hapa naomba tuwe wakweli: kusuka nywele sebuleni ni mapato. Sambusa na maandazi mia mbili ya sherehe ya watu ni mapato. Pesa ikiwa taslimu haipotezi uzito wake.

Sheria ya Universal Credit ina tabia moja isiyo ya haki lakini ya kweli. Badiliko linalokupunguzia posho huanza kuhesabiwa kipindi cha malipo cha mwezi lilipotokea, hata ukichelewa kusema. Badiliko linalokuongezea posho, ukichelewa kusema, kwa kawaida huanza kuhesabiwa kipindi uliposema. Kuchelewa ni hasara yako pande zote mbili.

Mahesabu ya mama wa Leicester

Turudi kwake tuweke tarakimu mezani, kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26.

Kwa kuwa ana watoto na posho yake ina sehemu ya kodi ya nyumba, pauni 411 za kwanza za mshahara haziguswi. Juu ya hapo, kila pauni inapunguza posho kwa peni 55. Alipokuwa akipata 800, zilizoguswa ni 389, na posho ilipungua kwa pauni 213.95. Akifika 1,000, zinazoguswa ni 589, na posho inapungua kwa pauni 323.95. Kwa hiyo mshahara umepanda pauni 200, posho imeshuka pauni 110. Kilichoingia mfukoni ni pauni 90.

Bado hatujamaliza. Halmashauri ilikuwa ikimpa punguzo la kodi ya halmashauri, ile Council Tax. Kila halmashauri ina mpango wake, na nyingi hukata punguzo hilo mapato yakipanda. Tuseme limeshuka kwa pauni 18. Nauli ya basi ya Jumamosi ni pauni 20 kwa mwezi. Zimebaki 52.

Kwenye bajeti aliyopeleka wakati wa maombi alikuwa na ziada ya pauni 20. Ongeza 52, inakuwa 72. Bado yuko chini ya mstari wa 75, kwa pauni tatu tu. Angepeleka taarifa isemayo "mshahara umepanda kwa pauni 200" bila kitu kingine, mfilisi angeona mtu mwenye ziada ya 220. Angekumbuka kushuka kwa posho na punguzo la halmashauri lakini akasahau nauli, ziada ingekuwa 92, na yuko nje.

Kwa maneno mengine, kupanda kwa mapato na kupanda kwa ziada ni mambo mawili. Sheria inakutaka uripoti la kwanza; hatima yako inaamuliwa na la pili. Anayeliripoti la kwanza bila kuambatisha la pili anajishtaki mwenyewe bure, na asiyeripoti kabisa kwa kuogopa la kwanza huenda alikuwa hana cha kuogopa.

Ndiyo maana taarifa nzuri huambatana na bajeti mpya, safu kwa safu, kwa mtindo uleule wa fomu ya mwanzo: mapato yote upande mmoja, matumizi yote upande wa pili. Mshauri aliyekuombea anaweza kukusaidia kuipanga upya. Tumia slipu za mshahara za miezi mitatu, si moja, kama saa zako zinapanda na kushuka. Wastani unasema ukweli kuliko mwezi wa Krismasi.

Na zile pesa za kutuma nyumbani? Hapa ndipo bajeti za watu wetu zinapokunja kona. Mama yako Tanga anategemea pauni 60 kila mwezi, na mshauri anataka kujua zimeandikwa wapi. Mwambie. Mjadili pamoja kama zitakubalika na kwa kiasi gani. Ukizificha ndani ya mstari wa chakula, umeandika taarifa ya uongo kwenye fomu ambayo uongo wake ni kosa la jinai, kwa sababu ya jambo ambalo pengine lingeelezeka.

Miezi yenye udanganyifu

Kuna ongezeko ambalo halipo. Universal Credit inahesabu kwa vipindi vya mwezi mmoja vinavyoanza tarehe uliyoombea, na mshahara haufuati kalenda hiyo. Anayelipwa kila wiki nne anapata malipo 13 kwa mwaka, kwa hiyo mwezi mmoja atalipwa mara mbili ndani ya kipindi kimoja. Anayelipwa siku ya mwisho ya mwezi, benki zikifungwa, anaweza kulipwa mapema na mishahara miwili ikaangukia kipindi kimoja. Akina mama wanne wasio na wenzi waliipeleka DWP mahakamani kwa jambo hilo, na Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba namna mahesabu yalivyofanywa kwao haikuwa ya kimantiki. Kanuni zikarekebishwa baadaye mwaka huohuo kwa wanaolipwa kwa mwezi. Anayelipwa kila wiki nne anaendelea na mwezi wake mmoja wa mishahara miwili.

Mwezi huo posho inashuka sana, pengine inafika sifuri, na mshahara kwenye akaunti unaonekana mara mbili. Ukimwandikia mfilisi, sema wazi kwamba hiyo ni tarehe, haijaongezwa saa wala kiwango. Toa hesabu ya mwaka gawanya kwa 12.

Na kuna ongezeko linalokuja bila kuombwa. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilitoka pauni 11.44 kwenda 12.21 kwa saa. Kwa anayefanya saa 30 kwa wiki hiyo ni kama pauni 100 zaidi kwa mwezi kabla ya makato. Hukuomba, hukupandishwa cheo, meneja hata hakukuita. Sheria ya nchi ndiyo iliyokuongezea. Bado ni ongezeko la mapato. Lakini Aprili hiyohiyo kodi ya nyumba hupanda, kodi ya halmashauri hupanda, na bili ya maji haikai nyuma. Bajeti mpya ya Aprili iwe na pande zote mbili.

Posho ya mlezi, Carer's Allowance, inastahili tahadhari yake, kwa kuwa haina mteremko kama Universal Credit. Ina ukingo wa genge. Katika mwaka wa fedha 2025/26 uliruhusiwa kupata hadi pauni 196 kwa wiki baada ya makato yanayoruhusiwa. Kabla yake ilikuwa 151. Ukizidi kwa pauni moja, unapoteza posho nzima ya wiki hiyo, ambayo mwaka huo ilikuwa pauni 83.30. Maelfu ya walezi walijikuta na madeni makubwa ya malipo yaliyozidi kwa sababu ya kuvuka ukingo huo kidogo kidogo kwa miaka, wakati ofisi ilikuwa na taarifa za mishahara yao. Ilikuwa kashfa kubwa magazetini mwaka 2024. Anayemlea mama mgonjwa huku akibeba maboksi usiku, kama tunavyosema, aipige hesabu ya wiki kabla hajaikubali shifti.

Pesa ya mkupuo

Mshahara huja kidogo kidogo. Pesa ya mkupuo huja siku moja, na hapa ofisi mbili zinatofautiana kama usiku na mchana.

Chukua PIP, malipo ya wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Umeomba, umekataliwa, umekata rufaa, na baada ya mwaka umeshinda. Malimbikizo yanaingia kwa pamoja: pauni 4,000. Kwa Universal Credit, PIP haihesabiwi kama mapato hata senti moja, na malimbikizo ya posho hayahesabiwi kama akiba kwa miezi 12. DWP haina neno. Lakini kwa DRO umepata pauni 4,000 ndani ya kipindi cha kinga, na mstari wa mali ni 2,000. Lazima umwambie mfilisi, na umwambie kabla hujazitumia. PIP yenyewe ya kila mwezi huingia kwenye safu ya mapato, na gharama zinazotokana na ugonjwa huingia kwenye safu ya matumizi. Zitafute na kuziandika zote, kuanzia teksi za hospitali hadi umeme wa mashine.

Ukiona rufaa yako inakaribia kuamuliwa na hujaomba DRO bado, mwambie mshauri kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma. Kuna nyakati ambapo kusubiri wiki chache ni busara.

Sasa yale ya kwetu, ambayo fomu za Kiingereza hazijui kuyauliza kwa jina.

Upatu. Chama. Mchezo. Watu kumi, kila mmoja pauni 200 kwa mwezi, na mwezi huu ni zamu yako: 2,000 zinakujia. Kwako wewe hizo si mapato, ni pesa yako mwenyewe iliyorudi na nyingine unayodaiwa na wenzako. Kwa ofisi, ni pauni 2,000 zilizoingia kwenye akaunti. Kama ulikuwa umeshachanga miezi saba wakati wa kuomba DRO na hujapokea, ulikuwa unadai kikundi pauni 1,400, na hiyo ni mali iliyopaswa kuandikwa. Kama ulikwishapokea zamu yako na unaendelea kuchanga, wenzako ni wadai wako, na hao nao walipaswa kuwemo kwenye orodha. Najua hakuna anayetaka kumwandika shangazi Zuhura kama mdai. Lakini huruhusiwi kumlipa mdai mmoja kwa siri huku wengine wamezuiwa, na aliyeachwa nje ya orodha hazuiwi na amri. Zungumza na mshauri, na kwa mwaka huo mmoja, kama inawezekana, pumzika kwenye mchezo.

Kiwanja. DRO inaangalia mali zako popote duniani. Kiwanja cha Kigamboni au Kitengela ulichonunua mwaka 2015 ni mali, hata kama hati iko kabatini kwa kaka yako, na kikizidi thamani inayoruhusiwa hukupaswa kuingia DRO hata kidogo. Vilevile baba akifariki katika mwaka huo na shamba likagawanywa, sehemu yako ni mali iliyokuangukia. Sheria inataja hasa hilo. Habari inatakiwa kufika kwa mfilisi hata kama mirathi itachukua miaka mitano, kama mirathi zetu zinavyochukua.

Mkopo. Ndani ya DRO huruhusiwi kukopa pauni 500 au zaidi bila kumwambia mkopeshaji kwamba uko chini ya amri. Tiketi ya ndege ya msiba kwa malipo ya awamu inaingia humo.

Usiposema

Usipoiambia DWP, au ukiiambia vibaya, unalipwa kuliko stahili yako. Kwa Universal Credit malipo yaliyozidi hudaiwa hata kama kosa ni la ofisi yenyewe, jambo ambalo halikuwa hivyo kwa posho nyingi za zamani. Kunaweza kuwa na faini ya pauni 50 juu yake kwa kutosema. Deni hilo ni jipya. DRO inafunika madeni yaliyoorodheshwa siku ya maombi, na haiwezi kuongezewa deni lingine baadaye. Deni la kale limelala chini ya kinga, na jipya limesimama juani, DWP ikilikata moja kwa moja kwenye posho. Tangu Aprili 2025 makato ya kawaida yamewekewa kikomo cha asilimia 15 ya posho ya msingi, kutoka 25, lakini asilimia 15 ya kidogo ni sahani ya mtu.

Kwa malipo yaliyozidi ya zamani, yale yaliyokwishaamuliwa na kuorodheshwa kabla ya amri, hali ni nyingine. DWP iliwahi kudai kwamba kukata kwenye posho si kudai deni, kwa hiyo iendelee kukata hata ndani ya DRO. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Desemba 2011 wizara ikashindwa. Ukiona makato ya deni lililomo kwenye DRO yanaendelea, andika kwenye shajara, weka namba ya amri, uombe yasimamishwe. Mikopo ya mfuko wa kijamii, ile Social Fund, iliondolewa kwenye DRO mwaka uliofuata, hivyo hiyo inakatwa kama kawaida. Na deni lililotokana na udanganyifu halifutiki hata miezi 12 ikiisha.

Usipomwambia mfilisi, anachoweza kufanya ni kuifuta amri. Madeni yote yanarudi pamoja na riba iliyosimama. Hutaweza kupata DRO nyingine kwa miaka sita tangu ile ya kwanza. Kama ulificha kwa makusudi, anaweza kuomba uwekewe vikwazo vya kati ya miaka 2 na 15, na kuna makosa ya jinai kwa taarifa za uongo. Kwa aliyesema mwenyewe, mambo huwa mapole kidogo. Hata ziada ikivuka 75, sheria inasema mfilisi "anaweza" kufuta, hailazimishi. Na akiamua kufuta anaruhusiwa kuahirisha tarehe hadi miezi mitatu ili upate nafasi ya kupatana na wadai.

Jambo moja pembeni, kwa kuwa huulizwa sana: wenye viza isiyoruhusu fedha za umma hawapati Universal Credit, lakini DRO haimo kwenye orodha ya fedha za umma. Wao wana mfilisi peke yake wa kumwambia.

Mama wa Leicester alifanya hivi. Ijumaa ya kwanza baada ya mshahara mpya kuingia alifungua taarifa yake ya Universal Credit akahakikisha ni pauni 1,000 zilizosomwa. Akaiandikia halmashauri, maana halmashauri ni dirisha la tatu na haipaswi kuachwa ijue kwa njia ya DWP. Kisha akamwandikia mfilisi barua pepe yenye namba ya DRO kwenye kichwa chake, mistari sita: saa zangu zimeongezeka tangu tarehe fulani, mshahara umetoka 800 kwenda 1,000, posho imeshuka kwa 110, punguzo la halmashauri limeshuka kwa 18, nauli imeongezeka kwa 20, ziada yangu mpya ni 72. Akaambatisha slipu, taarifa ya posho, barua ya halmashauri na bajeti. Nakala akaiweka kwenye folda moja na barua ya amri yenyewe.

Imebaki miezi minane. Siku ya mwisho ya kipindi cha kinga itapita bila sherehe wala barua ya pongezi. Madeni yatafutika, na miezi mitatu baadaye jina lake litaondolewa kwenye daftari la wazi la ufilisi, ingawa kwenye taarifa za mikopo alama itakaa miaka sita tangu siku ya amri. Kuanzia hapo akiongezewa shifti ya Jumapili pia, mfilisi hahitaji kusikia. DWP itakuwa imeshaiona.